Ukuta ni Ukuta

Katika maisha yao yote, fundi saa hakuwahi kumkamata mdogo wake katika uongo. Laiti angemkamata hata mara moja, pengine asingekuwa na hasira kiasi hiki. Mwongo utamwita mwongo, utatema mate chini, utakwenda zako. Huyu hakudanganya. Alilichukua neno lako mwenyewe, ulilolitoa mdomoni kwa nia safi, akaligeuza upande wa pili, kisha akakurudishia huku akikutazama usoni. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yeye hakuwa mwongo, basi njia yake ilikuwa ndefu, na ilipita juu ya migongo ya watu.

Jina la utani alilipata akiwa na miaka sita. Mama yao alifunika sufuria ya nyama ya wageni, akamwonya, "Usile." Aliporudi alikuta mchuzi unamkodolea macho. Mtoto akasimama wima, mafuta yanang'aa mpaka kwenye masikio, akasema, "Sikula, mama. Nilionja." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo alipokosea, maana mtoto ukimchekea kwa jambo la hovyo analifanya kuwa kazi yake. Tangu siku hiyo akaitwa Nilionja, na mpaka leo, mtu mzima na kitambi chake, mke wake na duka lake la magodoro, wanaomjua tangu zamani humwita hivyo naye huitika.

Baba yao naye alikuwa fundi saa, na alipokufa aliwaachia wawili hao nyumba moja. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, pamoja na uwanja mdogo wa nyuma, vilikwenda kwa Nilionja. Chumba cha nyuma, chenye meza ya kazi na dirisha, kilikwenda kwa dada, kwa sababu ndiye aliyekaa na baba kwenye meza ile tangu angali na sare za shule, akajifunza kufungua saa, kuiosha, kuitia mafuta kwa ncha ya sindano na kuifunga bila kubakiza skrubu mkononi. Dirisha lenyewe halikuwa kubwa. Lilitazama ule uwanja wa Nilionja, na tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri lilimwaga mwanga mtulivu juu ya meza.

"Saa haifunguliwi kwa taa," baba alikuwa akisema. Taa hutupa kivuli cha kibano juu ya kitu kile kile unachotaka kukishika, na kitu chenyewe ni kidogo kama yai la chawa. Ukikosea kwa unywele mmoja umevunja mhimili, na saa ya mtu imekufia mikononi.

Wiki ya mwisho, akiwa kitandani, baba alimshika Nilionja mkono. "Dirisha ni la dada yako. Unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Dirisha ni lake. Sitaligusa."

Na kweli hakuligusa. Mwaka haujaisha alileta mafundi, akaanza kujenga ukuta hatua moja mbele ya dirisha.

Dada alitoka na lenzi bado iko jichoni. "Nilionja! Unajenga nini hapa?"

"Stoo ya magodoro, dada."

"Baba alisema nini?"

"Alisema dirisha ni lako. Si lile pale? Kuna mtu amelibeba?"

"Na mwanga?"

"Mwanga hakuugawa, dada yangu. Mwanga ni wa Mungu."

Wifi yake, mke wa Nilionja, alikuwa mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi. "Si ununue taa tu, wifi? Siku hizi zipo nyeupe pee, utadhani mchana."

Fundi aliivua lenzi jichoni, akaitia mfukoni. Siku ya pili, ukuta ulipofika usawa wa kizingiti cha chini cha dirisha, alifunga chumba chake kwa kufuli akaenda kumtafuta wakili.

Alimpata binti mmoja mwembamba, ndiyo kwanza ana miaka miwili kazini, ofisi yake juu ya duka la viatu. Binti yule alifungua kesi haraka, wakapata siku ya kusikilizwa, na siku hiyo wakili wa Nilionja, mzee mwenye tai nyekundu, alikuja na maneno matamu. Hakuna haja ya kupoteza muda kubishania zuio la ujenzi, alisema. Mteja wake ni mtu muungwana. Yuko tayari kuweka ahadi mbele ya mahakama kwamba atasimama hapo alipofika mpaka kesi iishe.

"Ahadi?" fundi alimnong'oneza wakili wake kwenye korido. "Ya Nilionja? Hiyo si ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Hii si ahadi ya nyumbani, dada. Ukimwahidi mwenzako ukavunja, hayo ni yenu. Ukiiahidi mahakama ukavunja, umeidharau, na unafungwa."

"Unafungwa jela kabisa?"

"Jela kabisa."

Hapo fundi aliipenda ile ahadi kwa mara ya kwanza.

Waliiandika kwenye benchi la korido, karatasi juu ya goti. Wakili aliandika kwamba mdaiwa hataendelea na ujenzi wa aina yoyote ile. Fundi akamshika mkono.

"Futa. Wewe humjui huyo. Ukimwambia ujenzi, atasema anakarabati. Ukimwambia kazi, atasema anapumzika na nyundo mkononi. Andika ukuta. Hatapandisha ukuta. Ukuta ni ukuta, hauna pa kujificha."

"Dada, hili la ujenzi ni pana zaidi."

"Ndilo tatizo lake. Yeye anataka neno pana apate pa kupita. Mimi nimemlea huyo, nimemfuta kamasi. Andika ukuta."

Wakili akaandika ukuta. Mwenye tai nyekundu aliposoma alitabasamu, akaomba na upande wa pili nao uahidi kitu, iwe haki kwa wote: kwamba mdai naye hatagusa ukuta. Fundi alisaini bila kufikiri mara mbili. Ana haja gani ya kugusa ukuta?

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alizisoma zile sentensi mbili polepole, kisha akamwuliza kila mmoja kama ameelewa. Wote wakasema wameelewa.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Ahadi hizi hampeani nyinyi kwa nyinyi. Mnanipa mimi. Ugomvi wenu ni wenu, lakini haya maneno ni yangu kuanzia leo."

Fundi alitoka pale kifua kimepungua uzito. Saa ya mahakamani, iliyotundikwa juu ya mlango, ilikuwa nyuma kwa dakika saba, na hata hilo alilisamehe.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, akiwa ameinama mezani, mwanga ulififia. Alidhani ni wingu. Alisubiri lipite. Halikupita, na alipoinua kichwa aliona mgongo wa bati.

Nilionja alikuwa amesimika nguzo nne za mbao upande wake wa uwanja, kiganja kimoja kutoka kwenye ukuta, zisigusane nao hata kwa bahati mbaya. Juu ya zile nguzo mafundi walikuwa wanapigilia mabati, na mabati yalikuwa yamefika paani.

"Uliahidi mahakamani!"

"Niliahidi nisipandishe ukuta, dada." Alikuwa na futi mkononi, alikuwa amejiandaa kwa mazungumzo haya. "Njoo upime. Ulivyokuwa siku ile ndivyo ulivyo leo. Sijaongeza hata tofali."

"Na hiki ni nini?"

"Bati." Akaligonga kwa vifundo vya vidole, likalia. "Umesikia? Ukuta haulii hivi."

Mafundi wakacheka. Kila alilotaka fundi saa kulisema lilikuwa tusi, na matusi hayo yalimhusu mama yake pia. Alirudi ndani akakaa kwenye kile kiza, mikono imekunjwa mapajani. Kilichomuuma si bati tu. Kilichomuuma ni kwamba neno alilichagua yeye. Alijifanya anamjua.

Wakili wake aliandika ombi kwamba Nilionja aitwe kujibu kwa nini asifungwe kwa kuidharau mahakama. Aliandika vizuri, lakini hakumficha. "Shida ni neno, dada. Mtu hafungwi kwa neno lenye mashaka. Atasema bati si ukuta, na mheshimiwa akibaki na mashaka hata kidogo, anamwachia." Hakusema, ungeniacha niandike ujenzi. Alikuwa na adabu ya kutosema, na adabu hiyo ilimkera fundi kuliko lawama.

Wakapangiwa tarehe, wiki sita mbele.

Wiki sita! Mwenye kuonewa huambiwa asubiri, na anayeonea analala usingizi wake juu ya godoro la bei ya jumla. Fundi alinunua ile taa nyeupe pee. Aliifunga juu ya meza, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, na kila alipoisogeza kivuli cha kibano kilihama nayo. Macho yalianza kumtoka machozi. Wateja waliokuwa wakisubiri dakika ishirini sasa waliambiwa warudi keshokutwa. Ndugu na jamaa walipita kumpa pole, kila mmoja na methali yake ile ile: hasira hasara. Damu ni nzito kuliko maji, mama, yamalizeni nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia hayo Nilionja.

Wiki ya tatu alikuja mkunga wa kituo cha afya, na ile saa yake ya kubandika kifuani. Alikuwa nayo tangu alipohitimu, na mshale wake wa sekunde ndio aliohesabia mapigo ya moyo ya watoto wa mtaa mzima, akiwemo mtoto wa kwanza wa Nilionja. Ilikuwa inasita tu, inahitaji kuoshwa. Kazi ya asubuhi moja. Fundi alikuwa ameiosha mara nne miaka iliyopita bila kufikiri.

Alilitoa lile gurudumu dogo linalotikisika katikati ya saa, akaliosha, akalirudisha. Kivuli cha kibano kikapita juu ya tundu la mhimili, akadhani tundu ni pale, akabonyeza. Alisikia mlio mdogo mno, ambao mtu mwingine asingeusikia. Ncha ya mhimili ilikuwa imevunjika.

Mkunga aliporudi hakukasirika. Aliishika saa yake, akaitikisa kidogo sikioni, akairudisha mezani. "Basi, mwanangu. Nitahesabu kwa kichwa. Zamani tulihesabu kwa kichwa."

Heri angetukana. Fundi alimsindikiza mlangoni, akarudi, akazima taa. Alitoka kupitia mlango wa nyuma, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa kwenye rundo la mchanga wa mdogo wake, akapanda juu ya ndoo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na mtaa mzima uko macho. Bati la kwanza lilikuwa gumu. La pili likang'oka kwa kelele zilizowatoa watu madukani. Alipofika la sita alikuwa anapiga kelele mwenyewe, hajui anasema nini, majirani walimwambia baadaye kwamba alikuwa akirudia, "Onja! Onja! Onja na hili!"

Alipomaliza, viganja vyake vilikuwa vinatoka damu, na mwanga umelala juu ya meza kama alivyouacha.

Nilionja alifika jioni. Hakufoka. Aliyatazama mabati yaliyotapakaa, akapiga picha kwa simu, moja moja, kwa utulivu, kisha akamgeukia dada yake na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Dada," alisema, "na wewe si ulisaini?"

Baada ya siku nne karani wa mahakama akaleta bahasha. Ombi la Nilionja: dada yake afungwe kwa kuidharau mahakama. Tarehe ile ile, ili maombi yote mawili yasikilizwe pamoja. Ndani yake kulikuwa na kiapo chake, aya saba, sahihi chini. Wakili alikisoma akiwa amesimama. Alipofika aya ya nne aliketi.

"Dada. Sikiliza. 'Kwamba dada yangu, kwa makusudi na mbele ya watu, amebomoa ukuta wangu.'" Akaisoma tena, na safari hii alikuwa anacheka. "Ukuta! Ameapa kwamba ni ukuta!"

"Angefanyaje?" fundi alisema taratibu, akilipima jambo lenyewe. "Mimi niliahidi nisiguse ukuta. Akisema nilibomoa bati, sina kosa."

"Ndiyo! Lakini kama ni ukuta, basi yeye aliupandisha. Amejifunga mwenyewe."

Ulafi ule ule wa sufuria. Neno moja alitaka limlinde yeye na limfunge dada yake, vyote kwa pamoja. Fundi aliitazama ile aya ya nne, na kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe alijisikia kucheka, ila hakucheka.

Mabati yalibaki chini mpaka siku ya kesi, kwa sababu mwenye tai nyekundu alimshauri mteja wake asivuruge ushahidi. Kwa hiyo fundi alipata zaidi ya wiki mbili za mwanga. Alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa jicho. Alitafuta kwenye makopo ya baba, akapata saa mbovu ya aina ileile ya mkunga, akatoa mhimili wake na kuanza kuuchonga uingie. Hakuwahi kuupenda mwanga ule kama katika siku hizo, akijua kwamba mwenzake anangoja ruhusa tu.

Siku ikafika. Saa juu ya mlango wa mahakama ilikuwa bado nyuma kwa dakika saba. Leo hakuisamehe. Mahali pa kuamulia maisha ya watu, na hakuna hata mmoja wa kupanda kiti akasogeza mshale!

Mwenye tai nyekundu alisimama wa kwanza, na ilionekana wazi kwamba usiku wake haukuwa mzuri. Naye alikuwa ameisoma aya ya nne. Aliinama, akajikohoza.

"Mheshimiwa, kwa ajili ya amani ya familia, mteja wangu anaomba kuliondoa ombi lake, pamoja na kiapo chake. Damu ni nzito kuliko maji."

Jaji alivua miwani. "Pamoja na kiapo."

"Pamoja na kiapo, mheshimiwa. Kuna maneno yaliyoteleza katika uchapaji."

Jaji alimgeukia wakili wa fundi. "Upande wa mdai mnapinga?"

Wakili aliomba dakika moja, akainama sikioni kwa mteja wake. Aliongea haraka. "Tusipopinga, uko huru. Hakuna atakayekuuliza ulibomoa nini. Lakini kiapo chake kinaondoka, na ombi letu linabaki na neno lile lile lenye mashaka. Linaweza kuanguka."

"Likianguka?"

"Kesho anarudisha mabati."

"Na tukipinga?"

"Kiapo kinabaki. Lakini na wewe utaulizwa ulibomoa nini. Ukisema bati, unatoka, na yeye anatoka. Ukisema ukuta..." Wakili alimbana mkono. "Ukisema ukuta, dada, unalala ndani."

Fundi alimtazama mdogo wake ng'ambo ya chumba. Nilionja alikuwa amekaa vizuri, vidole vimeshikana juu ya kitambi, midomo imeanza kutabasamu. Alikuwa na hakika. Alimjua dada yake: nani atakubali kulala ndani kwa hiari yake? Alisubiri dada naye aonje, na wakishaonja wote, nani atamsema mwenzake?

Hasira iliyompanda fundi safari hii haikuwa ile ya mtaimbo. Ilikuwa baridi, na ilimwacha mikono imetulia kama wakati wa kazi.

"Tunapinga," alisema, kabla wakili wake hajafungua mdomo.

Akaitwa mbele, akaapa. Jaji mwenyewe ndiye aliyemwuliza.

"Tarehe iliyotajwa, ulibomoa nini?"

"Ukuta, mheshimiwa."

Wakili wake akafumba macho.

"Unajua uzito wa jibu hilo?"

"Naujua."

"Wakili wako amekueleza?"

"Amenieleza na kunibana mkono." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mheshimiwa, ni wa bati, ndiyo. Lakini unaziba kama ukuta, na aliuweka afanye kazi ya ukuta. Mimi nilijua ni ukuta nilipoushika, na yeye alijua ni ukuta alipousimamisha. Alimwahidi baba yetu akiwa anakufa kwamba hataligusa dirisha, na kweli hajaligusa! Mimi nimechoka na watu ambao hawajagusa. Niliahidi hapa nisiguse ukuta. Niligusa. Nikitoka hapa leo kwa kusema ni bati, nitakuwa nimetoka kwa mlango wake. Sitaki. Tufunge wote."

Jaji aliandika kitu, kisha akainua kiapo cha Nilionja kwa vidole viwili.

"Mdaiwa, simama. Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini..."

"Ukuta wa aya ya nne ni upi?"

"Ni... ile ni lugha tu, mheshimiwa. Ni namna ya kusema."

"Kwa hiyo ulikula kiapo kwa namna ya kusema."

Nilionja alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ile sufuria, hakikutoka kitu.

"Kiapo hakifutwi kwa kifutio," jaji alisema. "Ombi la kukiondoa nalikataa. Mdaiwa ameapa kwamba ni ukuta. Mdai ameapa kwamba ni ukuta, tena kwa hasara yake mwenyewe. Wenye ukuta wamekubaliana. Mimi ni nani niseme ni bati? Mdaiwa aliupandisha baada ya kuniahidi hataupandisha, na akafanya ujanja nisione. Siku kumi na nne. Nguzo na mabati vitaondolewa na dalali wa mahakama kesho kabla ya jua kuzama, kwa gharama za mdaiwa, na hakuna kitu cha aina yoyote, narudia, cha aina yoyote, kitakachosimama mbele ya dirisha lile mpaka nitakapoimaliza kesi."

Kisha akamgeukia fundi, na sauti yake haikuwa laini zaidi. "Wewe umesema kweli, na nimeiheshimu. Lakini ahadi ile hukumpa mdogo wako. Ulinipa mimi, na mimi sikukufanyia kosa lolote. Ungekuja hapa siku ile ile ulipochoka kusubiri, ungepiga kelele kwenye korido yangu, ningekusikia. Ulichukua mtaimbo. Siku tatu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hilo la korido lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inaruhusiwa.

Walikaa kwenye benchi lile lile ilipoandikiwa ahadi, wakisubiri gari. Askari alikuwa mmoja na pingu zake zilikuwa pea moja, basi akawafunga pamoja, mkono wa kushoto wa dada na wa kulia wa mdogo wake. Wifi mtu alikuja akalia, akamwita fundi mchawi, akaenda kutafuta wakili mwingine. Wakili mwembamba alipita, akainama. Fundi akampa ufunguo wa chumba amtunzie.

"Saa ya mkunga iko kwenye kisahani chenye kifuniko. Mwambie imebaki kufunga tu. Siku ya nne ataikuta tayari."

Wakabaki wawili. Kila Nilionja alipotaka kujifuta jasho aliuvuta mkono wa dada yake mpaka usoni kwake, na kila mara fundi aliurudisha kwa nguvu mapajani. Hasira yake ilikuwa bado iko pale pale. Alidhani ingeisha mlango ukifungwa, lakini haikuisha.

"Dada," Nilionja alisema mwishoni, kwa ile sauti ya kitoto aliyoitunza kwa ajili yake peke yake. "Ungenyamaza tu, saa hizi wote tungekuwa nyumbani."

"Wewe ungekuwa nyumbani. Mimi ningekuwa gizani."

"Lakini kunifunga mimi! Tumbo moja! Umemfunga mdogo wako mwenyewe!"

Askari akasimama, akawaambia gari limefika. Fundi akainuka, na kwa kuwa pingu ilikuwa moja, Nilionja akainuka naye.

"Sijakufunga," dada yake alimwambia. "Nimekuonjesha."